Umeshika seti, poti ikabaki ndogo: chipu zilipotelea wapi?

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri, nalirudia hapa kwa kifupi ili anayesoma asipotee. Mnacheza poka ya Texas Hold'em, blaindi (dau la lazima kabla ya karata) 5 na 10, wewe na jamaa kila mmoja ana chipu 1000. Jamaa kareizi (kapandisha dau) mpaka 30 akiwa wa mwanzo mwanzo kuongea, wewe upo nafasi ya mwisho na 7-7 ukakoli (ukalipa kiasi kilekile), wengine wote wakafoldi (wakatupa karata). Flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikaja K ya kopa, 7 ya pau, 2 ya uru, kwaiyo una seti ya 7, yaani 7 tatu, mbili mkononi na moja mezani. Jamaa akabeti 40, ukakoli tu ili asishtuke. Tani (karata ya nne) ikaja A, akacheki (akapita bila kubeti), na wewe ukacheki. Riva (karata ya tano) 4, akacheki tena, ukabeti 50, akakoli akafunua K-Q. Unauliza kama kuna kitu ulikiacha mezani, na kama ni kweli wanavyosema watu kwamba mkono mkubwa lazima ufichwe.

Ndiyo, uliacha, na uliacha nyingi. Kati ya zile 1000 za jamaa umechukua 120 tu, 30 za kabla ya flopu, 40 za flopu na 50 za riva. Na ukitaka kuona ni kidogo kiasi gani, angalia ni mara ngapi seti inakuja. Ukiwa na pea mkononi unapata seti (au zaidi) kwenye flopu kama asilimia 11.8, yaani mara 1 kati ya 8 na nusu. Sasa piga hesabu, ukikoli 30 mara 8 na nusu, mara 7 na nusu hujapata kitu na mara nyingi unafoldi, hapo chipu 225 zimeshaondoka, alafu ile mara moja unayopata unarudi na 120 plus chipu 15 za blaindi zilizokuwa zimekaa pale. Zile chache unazoshinda bila seti haziwezi kuziba hilo pengo. Kwa mchezo huo 7-7 inakula steki yako (chipu zako zote) taratibu na hutajua kwanini, maana kila ukikumbuka unakumbuka kwamba ulipopata seti ulishinda.

Sasa tuje kwenye ile kitu naona ndo mzizi wa tatizo. Watu wakipata mkono mkubwa wanajiuliza nifanyeje asikimbie. Swali la kujiuliza ni jingine: jamaa ana nini cha kunilipa, na zimebaki raundi ngapi za kulipia? Hayo mawili ukiyajibu, saizi ya beti inakuja yenyewe.

Anza na la kwanza. Jamaa kareizi toka mbele, ubao (karata za mezani) ni K-7-2. K zilizobaki ni 3, A zipo 4, kwaiyo A-K zipo namna 12. K-Q namna 12, K-J namna 12. Ongeza A-A namna 6. Hiyo ni mikono 42 ambayo kwenye flopu hiyo inajiona iko poa na haiwezi kuachia kirahisi. Upande wa pili, mkono unaokupiga ni K-K peke yake, na zipo namna 3. Hata Q-Q na J-J kuna wanaokoli nazo mara moja. Hapo hakuna wa kumficha kitu mkuu, wateja wamejaa na kila mmoja ameshika kitu anachokipenda. Ukiwa na 7-7 kwenye K-7-2 uzuri wote ni kwamba hujagusa K hata moja, zote tatu zinaweza kuwa kwa jamaa.

Linganisha na mtu aliyeshika K-K kwenye ubao uleule. Mezani K moja, yeye mbili, imebaki moja tu. A-K zimeshuka kutoka 12 mpaka 4, K-Q 4, K-J 4. Huyo ana mkono mkubwa kuliko wako lakini wateja wake amewashika yeye mwenyewe mkononi, kwaiyo akicheza polepole namuelewa, anawapa nafasi wenye Q-Q au A-Q wapate kitu, au wenye mikono mitupu wapige mkwara. Vilevile ukiwa na 9-9 na flopu ni 9-9-4, hapo mezani hakuna mtu mwenye chochote, ukibeti kwa nguvu unabaki na poti (chipu zilizokusanyika mezani) ya kabla ya flopu. Mikono ya namna hiyo ndo ya kutega, na inakuja kwa nadra sana. Ushauri wa kuficha ni ushauri sahihi wa mikono hiyo ambao watu wameubeba wakaenda kuutumia kwenye kila seti na kila streiti (karata tano zinazofuatana).

La pili, raundi. Hili naomba ulikae nalo kidogo maana ndo lenye hela. Hold'em ukishaona flopu una nafasi tatu za kubeti: flopu, tani, riva. Na poti haiongezeki kwa kujumlisha, inazidishwa. Ukibeti nusu ya poti na ukakoliwa, poti inakuwa mara 2. Ukibeti poti nzima ukakoliwa, inakuwa mara 3. Chukua poti ya 60. Nusu poti mara tatu unaweka 30, 60, 120, jumla 210. Poti nzima mara tatu unaweka 60, 180, 540, jumla 780. Ni mikono ileile, raundi zilezile, mtu yuleyule, tofauti ni 210 na 780. Na cheki moja tu inaua hesabu yote, kwa sababu ukicheki flopu hapo, ili zile 780 ziingie kwenye raundi mbili zilizobaki inabidi ubeti zaidi ya mara 2 ya poti, kwenye tani na tena kwenye riva. Wachache sana wana roho hiyo na wachache zaidi watakukoli.

Turudi kwenye mkono wako tuone. Poti kabla ya flopu ilikuwa 75, nyuma kila mmoja ana 970 ambazo hajabeti. Jamaa akabeti 40. Tuseme ungereizi mpaka 130. Akikoli (na K-Q wengi wanakoli hapo, ubao hauna hata flashi ya kuogopa, yaani karata tano za alama moja) poti inakuwa 335 na nyuma mmebaki na 840. Tani unabeti 240, akikoli poti ni 815 na nyuma 600. Riva unasukuma zote 600 kwenye poti ya 815, beti ambayo kwa macho ya mtu yeyote ni ya kawaida kabisa, chini ya poti. Umeona? Hakuna sehemu ulipofanya kitu cha ajabu, na steki nzima imeingia.

Sasa angalia ulivyocheza wewe. Baada ya kukoli flopu poti ni 155 na nyuma 930. Bado inawezekana kuingiza zote lakini inabidi ubeti mara 1.3 ya poti kwenye tani na mara 1.3 tena kwenye riva. Ulipocheki tani ukabaki na riva peke yake: 930 kwenye poti ya 155, mara 6. Hapo ndo ulipojifungia mlango, maana riva ilipofika huna tena beti ya maana inayoweza kubeba steki yake, na we mwenyewe ukaogopa ukaweka 50.

Najua utasema lakini mtaalamu tani ilikuwa A, jamaa na K-Q angefoldi. Inawezekana kabisa, na hiyo ndo sababu ya kureizi flopu mapema! Ukisubiri unaipa nafasi karata ya kuharibu biashara itokee. Kila mtu anaogopa karata inayomfanya apigwe, lakini kuna karata nyingi zaidi ambazo hazikupigi wewe ila zinamtisha mteja. K-Q kwenye K-7-2 inajiona mfalme, ikija A imenyong'onyea. Q-Q ndo kabisa. Zile 130 za flopu zingekuwa zimeshaingia kabla A haijatokea, na mtu aliyeshaweka 130 huwa mgumu kuachia kuliko aliyeweka 40.

Na hata hivyo, kucheki tani ile siikubali. A imetoka, sawa, K-Q imelegea, lakini A-K imepata pea mbili na A-Q ambayo ilikuwa haina kitu sasa ina pea ya juu. Wengine wamelegea, wengine wamepata nguvu, na wewe unawapiga wote isipokuwa A-A na K-K. Ungebeti hata 100 kwenye ile 155, A-K inakureizi, A-Q inakoli, na K-Q kuna siku inakoli vilevile kwa kuhisi unapiga mkwara wa A.

Sitaki uelewe kwamba kila seti lazima ureizi flopu. Kama jamaa ni wa kupiga mkwara sana, yaani anabeti flopu na mikono mitupu, akakandamiza tena tani, tena riva, huyo mkoli umwache afanye kazi. Ukimreizi flopu utamfukuza na mikono yake mitupu ambayo ingekuletea chipu raundi mbili mbele. Ila sharti ni hilo, awe kweli anaendelea kubeti. Akisimama tu, akacheki tani kama huyu wako alivyofanya, kazi ya kukuza poti imerudi kwako saa ileile. Kwa mtu usiyemjua, na hasa yule anayependa pea zake, mimi nareizi flopu bila kujiuliza mara mbili.

Kwenye ubao wenye mvua, yaani flashi na streiti zinanukia, mjadala unafungwa kabisa. Tuseme flopu ingekuwa K na 7 za kopa na 2 ya uru. Mwenye kopa mbili ana karata 9 za kumkomboa, kwenye karata moja inayofuata ni 9 kati ya 47, kama asilimia 19, na akiona tani na riva zote ni karibu asilimia 35. Mtu huyo ni mteja mzuri kuliko wote lakini ana muda maalum wa kulipa: flopu na tani. Riva ikishakuja bila kopa hakupi hata chipu moja. Kwaiyo ukicheki ili umtege, umempa bure kile ambacho alikuwa tayari kukinunua kwa bei mbaya. Ukibeti poti nzima anahitaji asilimia 33 ili koli yake ilipe kwa karata hiyo moja, ana 19. Hata nusu poti anahitaji 25. Atakoli tu, watu wanapenda flashi, na kila koli ni faida yako hata kama kuna siku itampata. Na ikimpata kwenye tani bado hujafa, una karata 10 za kutengeneza fulu hausi (tatu za aina moja na pea) au nne za aina moja kwenye riva, kama asilimia 22, kwaiyo usitupe mkono kwa hasira.

Riva nayo ina tatizo lake. Wengi wakifika riva na mkono mkubwa wanatafuta beti "atakayokoli kwa uhakika". Hapo ndo wewe ulienda na 50. Beti ya kukoliwa kila mara sio lazima iwe beti yenye faida kubwa. Fanya kuzidisha. Poti ni 155, tuseme beti ya 50 inakoliwa mara 8 kati ya 10, hiyo ni 400 kwa mikono kumi. Beti ya 150 tuseme inakoliwa mara 4 tu, ni 600. Beti ya 300 ikikoliwa mara 3 ni 900. Namba za koli nimezikadiria ili uone hesabu inavyokaa, kwenye meza yako zitakuwa zake, lakini ona jinsi anavyoweza kufoldi mara nyingi zaidi na bado ukavuna zaidi. Kufoldi kwake kunauma kwa sababu unakuona, zile 250 ulizokosa kwa kubeti kidogo huzioni, ndo maana watu wanaendelea kubeti kidogo miaka nenda miaka rudi.

Cha kuangalia ni huyu mtu saizi inamsumbua au haimsumbui. Kuna mchezaji akishaamua kukoli anakoli, iwe 80 au 200 kwake ni swali la nina pea au sina. Huyo mpige kubwa, na usimwonee huruma. Kuna mwingine anahesabu kila chipu, beti ikivuka nusu poti anaanza kujiuliza, huyo mpe bei ya kati kwenye raundi zote tatu badala ya kumshtua mwishoni. Na mtu aliyetoka kupigwa poti kubwa dakika chache zilizopita, hasira bado ipo, huyo hata mara mbili ya poti anakoli ili akuone tu.

Halafu usije ukawa mtu ambaye beti kubwa zake zote ni mikono mikubwa. Watu wanaoangalia watakugundua mapema sana, wataanza kufoldi na utalalamika karata hazilipi. Inabidi saizi ileile uitumie na ukiwa unapiga mkwara, mfano ulireizi flopu ukiwa na kopa mbili, flashi haijaja, unabeti riva vilevile kama ungekuwa na seti. Akikukamata siku moja usione aibu, hiyo koli yake ya leo ndo itakulipa kesho ukiwa na mkono kweli. Na mwili pia, kasi ya kuweka chipu iwe ileile, usianze kufikiri dakika nzima ukiwa na seti wakati siku zote unabeti kwa sekunde tatu.

Wanaotetea kuficha mkono wanapenda kutaja fainali ya World Series of Poker (mashindano makubwa ya poka) ya 1988, Johnny Chan na Erik Seidel wamebaki wawili. Chan ana J-9, Seidel ana Q-7, flopu ikaja Q-10-8. Chan ana streiti, mkono ambao haupigiki pale, akatulia na kujifanya mnyonge mpaka Seidel akasukuma chipu zake zote riva na pea yake ya Q. Chan akachukua ubingwa wa pili mfululizo, maana na 1987 alikuwa ni yeye. Mchezo mzuri sana, ila tazama mazingira yake. Walikuwa watu wawili tu, ambapo pea ya juu ni mkono mkubwa na mtu anabeti na kureizi na vitu vingi. Seidel alikuwa na kitu na alikuwa tayari kukibetia mwenyewe, Chan hakuwa na haja ya kusukuma. Meza yako ya watu sita au tisa, jamaa ana K-Q na ameshacheki tani, hakuna wa kukubetia. Ukitulia na yeye anatulia, mnaangaliana.

Ukiwa wewe ndo wa kwanza kuongea baada ya flopu, hapo kuna suala la kucheki ili ureizi. Ni silaha nzuri kama aliyereizi kabla ya flopu yupo nyuma yako na ana tabia ya kubeti karibu kila flopu. Kama ni mtu wa kucheki cheki, ongoza mwenyewe, raundi ya bure ukishaitoa hairudi. Na mkiwa watatu au wanne kwenye poti, sahau kutega kabisa. Watu wakiwa wengi uwezekano wa mmoja wao kuwa na K au flashi inayosubiri ni mkubwa, unabeti na kuna mtu atakoli, alafu kila anayeona karata bure ni mtu mwingine anayeweza kukupita.

Mwisho uliuliza kwa wasiwasi, je nikireizi nikaingiza zote akafunua K-K? Utapoteza steki, na siku hiyo ikifika lipa tu mkuu. Tumehesabu pale juu, mikono 42 ya kukulipa kwa 3 za kukupiga. Mtu mwenye 7-7 kwenye K-7-2 na chipu 1000 ambaye anafoldi akiwaza K-K atakuwa anafoldi mbele ya A-K siku nzima. Kwenye steki za kina kirefu, mfano mna 4000 kila mmoja na jamaa mtulivu ambaye hajawahi kureizi mara ya tatu kwenye flopu leo anareizi, hapo simama ufikiri upya, maana A-K haziweki chipu zote hizo. Kwa 1000 na blaindi za 5 na 10, hapana, ingiza.